Ukifa usiku huu, utakwenda wapi?

SWALI: Mimi ni Mkatoliki. Mwenzangu kazini ameokoka, na kila mara ananiuliza kama nikifa leo nina uhakika wa kwenda mbinguni. Nikimjibu "natumaini", anacheka. Sasa hata usingizi sipati. Nimjibu nini? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Dada yangu, swali hilo ni la zamani. Mwaka 1431, kule Rouen, Ufaransa, mahakimu wa Kanisa walimuuliza Yoana wa Arc, binti wa miaka kama 19, iwapo alikuwa katika neema ya Mungu. Ulikuwa mtego: akikubali, amejikweza, akikana, amejihukumu. Alijibu kwamba kama hayumo, Mungu amtie. Kama yumo, Mungu amdumishe. Hakujipima, alimgeukia Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki imelichukua jibu hilo, nalo ndilo "natumaini" lako. Matumaini ya Mkristo yanasimama juu ya ahadi ya Kristo, na ahadi hiyo haina shaka hata chembe. Wa kutiliwa shaka ni sisi. Ndiyo maana Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulifundisha kwamba hakuna anayeweza kujua kwa hakika, bila ufunuo wa pekee, kuwa atadumu hadi mwisho.

Mwenzako atakufungulia Waraka wa Kwanza wa Yohane, sura ya 5: waaminio wajue kwamba wana uzima wa milele. Ni kweli, wala huna sababu ya kuikwepa aya hiyo. Lakini waraka huohuo unasema tunajua kwamba tunamjua Mungu tukishika amri zake. Na Paulo, aliyewaandikia Warumi kwamba hakuna cha kututenga na upendo wa Mungu, aliwaambia Wakorintho kwamba anautiisha mwili wake asije akakataliwa baada ya kuwahubiria wengine. Mtu mmoja, maneno yote mawili, na hatusikii kwamba alikosa usingizi kwa hofu ya kukataliwa.

Utasema, basi Mkatoliki aishi kwa hofu? Hapana. Kukata tamaa ni dhambi dhidi ya matumaini, sawa na kujihakikishia wokovu bila kutubu. Kama lipo kosa zito linalokusumbua, nenda kwenye kitubio, na ukishaondolewa dhambi usirudi kulichimbua kitandani. Mwenzako naye muulize, bila ubishi, kama aliyeokoka anaweza kurudi nyuma. Walokole wengi watakujibu kwamba anaweza. Akikubali, mtakuwa mmekaribiana kuliko anavyodhani.