Alfajiri ya Uwongo

Tuseme mkulima wa Segese anataka kuwahi gari la Kahama. Anaamka saa 10:30 usiku, anachungulia mashariki. Anaona weupe. "Kumekucha!" anasema. Anajitwika mpunga wake, anashika njia. Anatembea weee, lakini hakupambazuki. Giza bado totoro, na fisi hawajarudi mashimoni. Je, amedanganywa na nini?

Amedanganywa na vumbi.

Ndugu msomaji, usicheke. Mchana funga mlango na madirisha ya nyumba yako. Jua likipenya kwenye tundu la bati, utaona mstari mweupe umejaa vumbi. Vumbi lilikuwemo siku zote. Hukuliona mpaka jua lilipolipiga. Kila chembe hupokea mwanga na kuutawanya huku na huku, na mwingine hufika machoni mwako.

Huko angani ni vivyo hivyo. Kati ya jua na sayari, yaani dunia yetu na wenzake, kuna vumbi. Chembe zake nyingi ni ndogo kuliko punje ya mchanga, tena ziko mbalimbali. Hutoka kwenye nyota zenye mkia na kwenye miamba inayogongana huko juu. Kabla jua halijachomoza kwetu, mwanga wake hulipiga vumbi hilo, nasi tunaona weupe. Sisi tulio karibu na ikweta tunauona vizuri, usiku usio na mwezi wala mawingu.

Tutautambuaje? Weupe wa uwongo husimama kama kichuguu: mpana chini, mwembamba juu. Alfajiri ya kweli huja baadaye. Hiyo hutanda kando kando ya mashariki yote, nayo huzidi kung'aa mpaka jua litoke. Waislamu wanazijua zote mbili tangu kale: mfungaji huacha kula daku kwa alfajiri ya kweli, si kwa ile ya uwongo.

Vumbi hili lina funzo jingine. Mwingereza Brian May alianza kulichunguza chuoni London mwaka 1970. Baadaye akaacha masomo, akapiga gitaa katika kundi la Queen pamoja na Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Lakini alirudi darasani. Mwaka 2007, akiwa na miaka 60, alimaliza utafiti wake wa udaktari. Kweli, elimu haina mwisho.

Maswali

1. Kwa nini tunaliona vumbi kwenye mwanga wa tundu la bati?

2. Kesho ukiamka usiku, utajuaje kwamba kumekucha kweli?