Nyoka wa Nyumbani, Mla Panya

Mwezi huu tumtazame mnyama ambaye wengi wetu tumekwisha kumwua kwa mchi pasipo kujua ni nani. Ni yule nyoka wa kahawia aonekanaye usiku ghalani au nyuma ya mitungi. Wataalamu humwita yeye na jamaa zake Boaedon. Sisi na tumwite nyoka wa nyumbani.

Hana sumu. Magamba yake ni laini, yang'aa. Alama yake iko kichwani: kila upande ana mistari miwili ya rangi hafifu, mmoja watoka puani kupita juu ya jicho, wa pili watoka jichoni kushuka hadi pembe ya mdomo. Jike humzidi dume, naye aweza kufikia mita moja na zaidi.

Chakula chake hasa ni panya. Humkamata kwa meno, kisha hujizungusha mwilini mwake na kukaza. Zamani tuliambiwa kwamba panya hufa kwa kukosa pumzi. Lakini uchunguzi wa nyoka aina ya boa, uliotangazwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa damu ndiyo huacha kuzunguka, tena kwa muda mfupi sana.

Jirani yangu alimwua mmoja ghalani. Tulipompasua tukakuta vitoto vinne vya panya. Jirani alinyamaza. Kabla ya mavuno yaliyofuata alikuwa akinunua sumu ya panya dukani, na magunia yametobolewa. Tena si mahindi tu: watu wa Lushoto, waliopatwa na tauni kuanzia mwaka 1980, hawahitaji kuelezwa habari za panya na viroboto.

Jike hutaga mayai kama kumi hivi, wala hayaatamii. Baada ya miezi miwili au mitatu hutoka watoto wa sentimita 20 hivi, nao hujitafutia mijusi wadogo.

Hata hivyo, msomaji asimshike nyoka yeyote kwa mkono. Yuko mwingine mdogo, mweusi au wa kahawia iliyokoza, akaaye chini ya udongo, ambaye hata ukimbana nyuma ya kichwa huchoma kwa jino la pembeni, na huyo ana sumu. Mwachie nyoka mlango wazi, waondoe watoto, naye atatoka mwenyewe. Aliyeumwa na asiyemjua apelekwe hospitali upesi, pasipo kuchanjwa wala kufungwa kamba.