Mtoto Mwenye Kisukari: Sindano Isikose Hata Siku Moja

Wazazi wengi hudhani kisukari ni ugonjwa wa wazee na wa watu wanene. Sivyo. Kipo kisukari kinachowashika watoto, hata wadogo wa miaka miwili au mitatu, wembamba, wasiojua pipi wala soda. Kongosho la mtoto huyo limeacha kutengeneza insulini, na bila insulini sukari iliyomo katika damu haiwezi kuupa mwili nguvu. Hubaki ikizunguka, kisha hutoka kwa mkojo. Si kosa la mama, si laana ya ukoo, wala hauambukizi.

Dalili zake ni kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, uchovu, na kukonda ingawa anakula. Aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza tena, naye huchapwa bure. Nyumba nyingi humpa dawa ya malaria zikingoja. Tusingoje! Akianza kutapika, kuumwa tumbo na kuhema kwa nguvu, na pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva mno, afikishwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, apimwe sukari.

Zamani mtoto wa namna hii alikufa tu. Mwezi Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini. Aliishi miaka 13 zaidi. Leo anayepata dawa yake huweza kusoma, kuoa au kuolewa, na kuzeeka.

Hatari kubwa kwetu vijijini huja baada ya miezi michache. Mtoto amenenepa, anacheza, anachunga mbuzi, na jirani anasema, "Huyu amepona, mwacheni na masindano." Au mtu analeta mizizi. Au familia inaambiwa kwamba kuendelea na sindano ni kukosa imani. Tumwombee mtoto kila siku, na kila siku achomwe. Akiachishwa insulini atakufa, pengine katika siku chache. Hata akiwa na homa na hataki kula, dawa isiachwe. Apelekwe kwa daktari, ndiye apange kipimo.

Wasio na friji wasikate tamaa. Chukueni mtungi mkubwa na mdogo, mwuweke mdogo ndani ya mkubwa, jazeni mchanga katikati na kuulowesha maji asubuhi na jioni. Insulini ikae katika mtungi wa ndani, ndani ya kopo lililofunikwa, mahali penye kivuli na upepo, mbali na meko. Chupa iliyokwisha funguliwa, kwa aina nyingi, hutumika wiki nne hivi. Andikeni tarehe juu yake. Iliyoganda kwa barafu itupwe. Angalieni pia bomba la sindano: chupa iliyoandikwa 100 hutaka bomba la alama 100.

Jambo la pili ni sukari kushuka. Hutokea mtoto akichomwa na chakula kikachelewa, au akilima na kutembea sana kuliko kawaida. Hutetemeka, hutoka jasho, huwa mkali bila sababu au husema ovyo. Wengine hudhani ni mapepo. Apewe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji. Baada ya dakika 15, kama bado, apewe tena, kisha ale ugali au kiazi. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu: mlazeni ubavu, mpakeni asali au sukari kidogo ndani ya shavu, mkimbilie hospitali. Haya ayajue baba, bibi, kaka na mwalimu wake, si mama peke yake. Mama naye huenda sokoni, naye huugua. Mtoto mwenyewe awe na sukari mfukoni, na wenzake wasimnyang'anye.

Wengine huuliza habari za Kwaresima. Sheria ya Kanisa ya kufunga huwabana wenye umri wa miaka 18 hadi 59, na wagonjwa husamehewa. Tena dawa na maji havivunji ile saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo, na mgonjwa anaweza kupokea hata kama amekula kitu ndani ya saa hiyo. Basi sukari ikishuka katikati ya Misa, ampe papo hapo aliyeketi karibu naye.