Dondoo Muhimu: Ziara ya Ufuo wa Karekare
Mwenye azma ya kuuzuru ufuo wa Karekare, ulioko magharibi ya Auckland, New Zealand, ambako Jane Campion alipiga picha za filamu ya The Piano iliyotunukiwa Palme d'Or huko Cannes mwaka 1993, na atambue kabla ya yote kwamba bahari ile haina huruma: mikondo yake humkokota hata muogeleaji hodari mpaka kilindini, kwa hiyo asiingie majini ila baina ya bendera nyekundu na manjano za waokoaji, na zisipokuwapo, asiingie asilani.

Mchanga ni mweusi kwa chembe za chuma, na jua la Desemba hadi Februari, ndiyo majira ya joto ya huko, huupasha moto hata nyayo tupu zisistahimili. Pepo za Bahari ya Tasman huvuma pasi na kizuizi. Hivyo koti zito ni aula kuliko mwavuli. Atakaye kuishuhudia haiba ile ya filamu, angoje maji yapwe, mchanga uliolowa uakisi mawingu na majabali.

Barabara ya kuelekea ufuoni ni nyembamba, yenye kona kali, na kimbunga Gabrielle cha 2023 kililidhuru mno eneo hilo. Baada ya mvua kubwa mgeni aulizie hali ya barabara kwanza. Chakula na maji ajichukulie.