Mkono wa Mungu na Mkono wa Mtu: Lugha ya Maongozi na Uovu katika Ukristo wa Uluguru

1.0 Utangulizi

Msibani, katika vijiji vya Uluguru kama ilivyo katika sehemu nyingine nyingi za Tanzania, husikika semi mbili ambazo kimantiki hazipatani. Ya kwanza hutamkwa hadharani, aghalabu na mzee, katekista au mchungaji: kazi ya Mungu haina makosa. Ya pili hutamkwa kando, nyuma ya nyumba au njiani wakati watu wanaporudi kutoka makaburini: hapa pana mkono wa mtu. Jambo la kuzingatia ni kwamba msemaji anaweza kuwa mmoja. Aliyeitikia ile ya kwanza uwanjani ndiye huyo huyo anayeinong'ona ile ya pili njiani, wala haoni kwamba amejipinga.

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza jinsi lugha ya Kiswahili, ambayo ndiyo lugha ya ibada katika milima hiyo, inavyoibeba imani ya Kikristo juu ya maongozi ya Mungu na juu ya kushindwa kwa uovu. Hatukusudii kuamua kama uchawi upo au haupo. Swali hilo si la idara ya lugha, na wanaolijibu kwa haraka, kwa upande wowote ule, mara nyingi hawajakaa matangani hadi siku ya tatu. Tunachodai ni kwamba sarufi ya Kiswahili yenyewe huwalazimisha wasemaji, na kabla yao iliwalazimisha watafsiri, kuchagua mahali ambapo lugha zilizotangulia za Ukristo ziliweza kunyamaza. Na kwamba uchaguzi huo una uzito mkubwa pale mtoto anapokufa na ukoo unapotafuta sababu.

2.0 Maneno yalivyopanda mlima

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Kutoka huko walijenga Mhonda mwaka 1877, Morogoro mwaka 1882, na Matombo, upande wa mashariki wa milima, mwaka 1897. Jimbo Katoliki la Morogoro liliundwa mwaka 1953, na Dayosisi ya Anglikana ya Morogoro ikafuata mwaka 1965. Walutheri nao wana dayosisi yao. Tarehe hizi zinajulikana na hatuna haja ya kuzirefusha. Linalotuhusu ni kwamba msamiati wa dini ulipanda mlima kutoka pwani, tena ukiwa umekwisha kutumiwa na Waislamu kwa karne nyingi. Riziki, baraka, dhambi, imani, kudura na majaliwa hayakuundwa na wamisionari. Yalikuwapo, yakachukuliwa. Charles Sacleux, padre wa shirika hilo hilo ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitolewa mwaka 1939, aliyaorodhesha.

Neno maongozi, ambalo Wakatoliki wamelifanya kuwa istilahi, ni tofauti kidogo. Limeundwa kutokana na kitenzi cha Kibantu, kuongoza, na lina picha ya mtu aliyetangulia njiani. Hata hivyo, nje ya katekisimu halisikiki sana. Mkulima wa Mgeta aliyepata mbegu za viazi baada ya msimu mbaya hatasema ameongozwa. Atasema amejaliwa, au Mungu amemruzuku.

Juu ya milima yenyewe palikuwa na jina la Mulungu, ambalo ni ndugu wa karibu wa Mungu wa Kiswahili. Palikuwa pia na mizimu ya koo, na palikuwa na Kolelo, mzimu wa pangoni ambao sifa zake zilifika hadi Uzaramo na ambao watu waliuendea kwa ajili ya mvua. Watawala wa Kinole wenye jina la Kingalu nao walisifika kwa mvua. Katika nchi ambayo Mto Ruvu huanzia, na ambayo mteremko wake huporomoka mvua ikizidi na hukauka ikipungua, si ajabu kwamba swali la nani anayetunza watu lilikuwa kwanza swali la nani anayeleta mvua. Mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipoanza, jina la Kolelo lilitajwa pamoja na habari za kukataa kodi ya Wajerumani. Mmisionari Martin Klamroth wa Misheni ya Berlin aliziandika habari hizo kama zilivyosimuliwa Uzaramo. Kwa mafundisho ya misheni, tangu hapo, ilikuwa vigumu kumwona Kolelo kama mtoaji wa mvua tu. Aliwekwa upande mmoja na shetani, na mizimu ikamfuata.

Sarufi, lakini, haikuhama upesi hivyo. Mwanafunzi wa ngeli anafahamu kwamba wingi wa Mungu si *Waungu bali miungu. Umoja wake umepewa upatanisho wa viumbe hai, Mungu anajua, Mungu amependa. Wingi wake umebaki na sura ya ngeli ya miti, mito, milima na mizimu. Tunaona hapa dalili ya hali ya zamani ambapo neno hili lilitaja nguvu zaidi kuliko nafsi. Ukristo na Uislamu umelivuta jina hilo kwenye unafsi, na kuiacha mizimu pale ilipokuwa. Uovu nao, kama tutakavyoonyesha, umevutwa kwenye unafsi, na hapo ndipo taabu inapoanzia.

3.0 Vitenzi viwili visivyotaja mtenda

Tutazame sentensi hizi mbili:

(a) Amejaliwa watoto wanne.
(b) Amerogwa.

Zote zina kitenzi katika kauli ya kutendwa, na katika zote mtenda hakutajwa. Lakini ukimya wake si wa namna moja. Katika (a) mtenda hatajwi kwa sababu hakuna anayemwuliza. Kitenzi kujalia, kwa maana hii, kimekubali kiima kimoja tu, nacho ni Mungu. Hata asiyesali hawezi kusema kwamba amejaliwa watoto na daktari. Katika (b) mtenda hatajwi kwa sababu anatafutwa. Sentensi imeachwa wazi kama mlango, na msikilizaji yeyote mwenye akili timamu anajua kwamba neno linalofuata, likisemwa au lisiposemwa, ni na nani?

Kuna jozi nyingine kama hiyo. Wasemaji hutofautisha ugonjwa wa Mungu na ugonjwa wa mtu. Kihusishi wa kinabeba mzigo wote: katika kirai cha kwanza hakimaanishi hasa kwamba Mungu ameutuma ugonjwa, bali kwamba hakuna mwingine aliyeutuma. Ugonjwa wa Mungu ni ugonjwa usio na mashtaka. Malaria inayopona kwa dawa ya zahanati ni ya Mungu. Ikikataa dawa mara mbili au tatu, umiliki wake hubadilika. Kwa hiyo, katika matumizi ya kila siku, maongozi ya Mungu hutawala eneo ambalo mtu hajashukiwa, na eneo hilo hupungua kadiri msiba unavyozidi kuwa mchungu. Mwanatheolojia atasikitika kuisikia hesabu hiyo, kwa kuwa imani anayoifundisha inadai kinyume chake.

Sentensi amechukuliwa ndiyo yenye hatari zaidi kwa sababu ina maana mbili. Kwa muumini inamaanisha ameitwa na Mungu. Lakini pale ambapo watu huamini habari za misukule, mtu aliyechukuliwa anaweza kuwa hajafa. Yuko shambani kwa mtu, anamlimia usiku. Mzazi akiambiwa mwanao amechukuliwa, kipi amekisikia? Katekista mwenye busara huongeza mtenda haraka: amechukuliwa na Mungu. Ni maneno mawili tu yaliyoongezwa, lakini yanaweza kuzuia safari ya kwenda kwa mganga.

Safari hiyo si jambo dogo. Waluguru huhesabu ukoo, lukolo, kwa upande wa mama, na ardhi kwa desturi hufuata ukoo huo. Mashamba ya mlimani ni machache na yamegawanywa tangu zamani. Mganga anapoulizwa ni nani, jibu lake haliangukii mbali. Huangukia kwa jamaa, kwa mwanamke mzee, au kwa mjomba ambaye mpaka wake umekuwa ukibishaniwa. Kwa hiyo kiima kinachojazwa katika sentensi (b) kina jina, nyumba na shamba, na kesho yake kitaonekana kisimani.

4.0 Kuopoa na kuokoa

Sala aliyofundisha Yesu ina ombi la mwisho juu ya uovu. Katika Kiyunani, neno lililotumika limo katika hali ya kisarufi ambayo haionyeshi kama ni jinsi ya kiume au jinsi isiyo ya kiume wala ya kike; laweza kuwa mwovu, laweza kuwa uovu. Kilatini kiliurithi utata huo bila shida. Wafafanuzi wamebishana tangu karne za kwanza, na lugha ziliwaachia nafasi ya kubishana.

Kiswahili hakina nafasi hiyo. Mzizi -ovu hauwezi kusimama bila kiambishi cha ngeli, na ukikichagua kiambishi umekwisha kufafanua. M- ni nafsi, u- ni hali, ma- ni matendo au mambo mengi. Watafsiri wakachagua, na hawakuchagua sawa. Biblia ya Union Version, iliyotolewa kamili mwaka 1952 na inayotumiwa zaidi na Waprotestanti, ina kitenzi kuokoa pamoja na mwovu, tena mwenye kionyeshi yule. Sala ya Wakatoliki ina kitenzi kuopoa pamoja na maovuni.

Tofauti hii haijapewa, kwa maoni yetu, uzito inaostahili. Kuopoa ni kazi ya kisimani: huopolewa ndoo iliyozama, huopolewa mtu aliyetumbukia. Kiambishi -ni kinayageuza maovu kuwa mahali, tena mahali penye ndani, kwani kitenzi chenyewe kinadai kina. Katika picha hii hakuna adui anayekimbiza. Kuna shimo, na aliyemo anaweza kuwa ametumbukia kwa mguu wake mwenyewe. Kuokoa na yule mwovu ni picha nyingine kabisa. Kuna anayewinda na anayewindwa. Na kionyeshi yule, ambacho kwa mfafanuzi wa Biblia kinamtaja Shetani, katika maongezi ya kijijini ndicho hasa kinachotumika kwa mtu ambaye wasemaji wote wanamjua na hakuna anayetaka kumtaja.

Hatudai kwamba Wakatoliki wa Matombo hushuku majirani kidogo kuliko Walutheri. Madai ya aina hiyo yangehitaji ushahidi wa namna nyingine, na uzoefu wa kawaida hauyaungi mkono. Tunachosema ni kwamba sala moja imempa muumini njia ya kuuwazia uovu bila uso, na nyingine imempa uso, ingawa ilikusudia uso wa Shetani peke yake. Mhubiri wa mapokeo ya pili ana kazi ya ziada ya kuulinda uso huo usivikwe mtu. Huduma za maombezi zilizoenea mijini katika miongo ya karibuni, pamoja na msamiati wake wa vifungo, kukemea na kufunguliwa, zimelipeleka jambo hili mbele zaidi. Kufunguliwa nako ni kauli ya kutendwa, na aliyefunguliwa huweza kuulizwa, au kujiuliza, ni nani aliyemfunga.

5.0 Namwachia Mungu

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikwenda kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukalipuka, na waliokufa hatimaye walizidi 100. Tunalitaja tukio hili kwa sababu linaonyesha mahali ambapo semi zetu mbili za msibani zinaishiwa. Mkono wa mtu, kwa maana ya uchawi, hauna kazi pale: sababu ilionekana kwa macho. Na kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa ni kuliita lori, barabara, umaskini na ndoo za plastiki kazi ya Mungu. Wanatheolojia, tangu Agustino na Thoma wa Akwino, hutofautisha anachokitaka Mungu na anachokiruhusu. Kiswahili kinaweza kuieleza tofauti hiyo vizuri, kwani kina kupenda na kina kuruhusu. Lakini lugha ya faraja imechagua mapenzi ya Mungu kwa yote mawili. Mwovu akitenda, Mungu amependa. Dereva akikosea, Mungu amependa. Faraja hiyo ni ya kweli kwa aliyefiwa. Inaweza pia kuwa kifuniko cha uzembe, na kwa upande huo msemo wa mkono wa mtu, pamoja na ubaya wake wote, una hoja moja: unakataa kukubali kwamba hakuna aliyekosa.

Hata hivyo, upo usemi wa tatu, ambao hausemi msiba ulitoka wapi: namwachia Mungu. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendea. Kitu kinachoachwa hakitajwi, lakini kila mmoja anakijua. Ni shauri, ni kesi, ni kisasi. Mafundisho ya Paulo katika sura ya 12 ya Waraka kwa Warumi yamo ndani yake: kisasi si cha aliyeumizwa, na uovu hushindwa kwa wema. Mama aliyefiwa, akiwa amezungukwa na jamaa wanaomhimiza aende kuangalia, akisema namwachia Mungu, ameifunga sentensi (b) kabla haijajazwa. Hakukana kwamba ameumizwa. Hakumtaja mtu. Jirani mzee aliyekuwa akingoja jina lake litajwe anaweza kulala.

Lakini usemi huu pia una upande wa pili, na msikilizaji wa Kiswahili huutambua kwa sauti tu. Ukisemwa polepole na macho chini, ni kusamehe au angalau kuvumilia. Ukisemwa kwa mkazo kwenye silabi ya mwisho ila moja, macho yakiwa yameelekea nyumba fulani, ni mashtaka yaliyopelekwa mahakama ya juu zaidi. Na jirani akiugua mwezi unaofuata, watu watakumbuka nani aliyesema. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo. Katekista aliyeketi mkekani pamoja na wafiwa ndiye anayeisikia, na ndiye atakayeamua kama atamwitikia mama huyo amina, au atamsogelea na kumwuliza taratibu ni nini hasa alichomwachia.