Chombo Gani Kitamfaa Mtoto?
Somo kwa walimu, wazazi na walezi wa shule ya Jumapili

Soma: 1 Samweli 17:38–40 na Luka 14:28–30.



Daudi alipokuwa tayari kumkabili Goliathi, mfalme Sauli alimvika mavazi yake ya vita. Hayakuwa mabaya, yalikuwa ya mfalme. Lakini Daudi alipojaribu kutembea nayo alishindwa, kwa maana hakuwa ameyazoea. Akayavua, akachukua fimbo yake, kombeo lake, na mawe matano ya kijitoni. Alichagua chombo alichokijua, chenye kufaa kazi iliyokuwa mbele yake.

Walimu vijana wa Karagwe na Kyerwa huniuliza mara kwa mara: “Mwalimu, programu gani ya kompyuta au ya simu ni bora kwa kutengenezea karatasi za mazoezi?” Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu swali hili halikuwapo. Tulikata stensili, tukadurufu kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, na wino ukabaki vidoleni. Leo vyombo ni vingi, na kwa sababu hiyo kuchagua kumekuwa kugumu zaidi.

Kwanza niungame kosa langu. Baada ya kustaafu nilimsaidia mwalimu mmoja wa Darasa la Pili. Nilitengeneza zoezi zuri la rangi, lenye picha nyingi, nikajisifu moyoni. Lilipochapwa kwa wino mweusi, jekundu na kijani yote yalitoka kijivu, na swali la rangi likawa halina maana. Tena tuliwaomba watoto walete shilingi 100 kila mmoja kwa ajili ya nakala. Mtoto mmoja hakuleta. Alikaa mikono mapajani dakika arobaini, akiwatazama wenzake wakiandika. Zoezi lile lilikuwa silaha za Sauli. Tangu siku hiyo nimejiwekea hatua nne, nami nawapa ninyi.

1. Anza na kosa la mtoto. Kabla hujafungua kompyuta, fungua madaftari. Je, watoto wanakosea nini? Kwetu huku, mtoto aliyelelewa kwa Kinyambo aweza kuchanganya r na l, akaandika “kurara” badala ya “kulala”. Huyo anahitaji maneno kumi ya r na l, wala hahitaji picha ya tembo mwenye miwani. Kadhalika hesabu ya mikungu ya ndizi na madebe ya kahawa itamwingia upesi kuliko hesabu ya vitu asivyopata kuviona. Angalia pia kitabu cha kiada. Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vyake katika maktaba mtandao. Huenda zoezi unalolitaka liko tayari.

2. Hesabu gharama mpaka karatasi ya mwisho. Bwana wetu alisema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba hana budi kuketi kwanza na kuhesabu. Tuketi basi. Tuseme darasa lina watoto 90, na steshenari hutoza shilingi 100 kwa ukurasa. Kila mtoto akipewa ukurasa mzima, ni shilingi 9,000. Ukipanga zoezi lienee nusu ya karatasi ya A4, zinatosha karatasi 45, yaani shilingi 4,500. Na kama watoto watatu hukaa dawati moja, wakasoma nusu karatasi moja na kila mtu akajibu katika daftari lake, unahitaji nusu 30 tu, yaani karatasi 15, shilingi 1,500. Karatasi hizo hazikuandikwa kitu. Zikusanye, uzitunze kwa mwaka ujao.

Tazameni: kutoka 9,000 hadi 1,500, na hakuna mtoto aliyeombwa senti. Tangu Januari 2016 elimu hadi kidato cha nne hutolewa bila ada. Si vema mlango uliokwisha kufunguliwa ufungwe tena na karatasi yangu.

3. Chagua chombo kwa mahali utakapokitumia. Jiulize: Je, kitafanya kazi bila intaneti? Je, umeme ukikatika nitapoteza kazi? Je, ni halali yangu?

Kwa mwenye kompyuta, mimi napendekeza LibreOffice. Haiuzwi, na ukiisha kuiweka haihitaji bando. Ilitokana mwaka 2010 na OpenOffice, programu ile ile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Microsoft Word ni nzuri pia, nayo huuzwa. Wengi wetu tunatumia nakala za wizi zilizoletwa kwa flashi. Ndugu, amri ya nane haikuacha kompyuta nje. Tena nakala hizo mara nyingi huja na virusi. Kwa nini tuibe wakati kiko cha bure?

Kwa mwenye simu tu, Google Docs yatosha kuandika maneno na majedwali, na huweza kuandaliwa ifanye kazi hata mtandao usipokuwapo. Canva hupendeza kwa picha na mabango, lakini hutegemea intaneti na hula bando. Itunze kwa tangazo la sikukuu.

Sasa zipo na programu za akili mnemba, ambazo huandika maswali ishirini kwa dakika moja. Zaweza kukusaidia, lakini hazijui daftari la mtoto wako. Tena hukosea hesabu na upatanisho wa Kiswahili kwa maneno ya kujiamini sana. Usimpe mtoto swali ambalo hukulijibu mwenyewe kwa kalamu.

Jambo dogo lenye faida kubwa ni umbo la herufi. Iko fonti iitwayo Andika, iliyotengenezwa na SIL kwa ajili ya wanaojifunza kusoma. Jina lake ni neno letu la Kiswahili. Hutolewa bure. Herufi zake hutofautisha vizuri l ndogo, I kubwa na tarakimu 1, vitu ambavyo katika fonti nyingine hufanana. Tumia ukubwa wa 14 au zaidi kwa watoto wadogo.

4. Chapa moja kwanza. Hifadhi kazi yako katika mfumo wa PDF kabla ya kuipeleka steshenari Kayanga au Nkwenda. Usipofanya hivyo, kompyuta ya pale isiyo na fonti yako itabadili herufi na mistari itahama. Kisha chapa nakala moja tu. Mpe mtoto mmoja asiye mwepesi darasani, umtazame akiifanya bila kumsaidia. Akikwama kwa sababu maagizo hayaeleweki, kosa ni lako. Rekebisha, ndipo utoe nyingine.

Na ukiisha kupima yote, ukaona kwamba ubao na chaki vinatosha, usione haya. Kombeo la Daudi halikuwa jipya.

Wazazi, somo hili ni lenu pia. Mwalimu akiwaletea hesabu ya karatasi katika kikao, msimkatalie tu, wala msikubali tu. Muulizeni: “Je, nusu karatasi haitoshi?” Nasi wa shule ya Jumapili, tuanze wenyewe, maana hatuwezi kuimba kwamba Yesu awapenda watoto wote, kisha tugawe karatasi kwa wenye mia tu.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Ni mavazi gani ya Sauli tunayoyavaa katika shule zetu na katika kanisa letu?
2. Je, yuko mtoto katika mtaa wetu anayekaa bila karatasi? Tutafanya nini mwezi huu?
3. Ni nani kati yetu mwenye kompyuta awezaye kuwafundisha walimu wawili au watatu?

Tuombe: Ee Bwana, utupe macho ya kumwona mtoto kabla ya chombo, na moyo wa kuhesabu gharama kwa ajili ya aliye mdogo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.