SOMO LA WIKI: Fedha za kuanzia na panya wa Morogoro

Mfanyabiashara makini hujaribu soko kwa mzigo mdogo kabla ya kuagiza kontena. Utafiti wa tiba huanza vivyo hivyo. Mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, shirika la APOPO na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) hufundisha panya buku. Mwaka 2003 Benki ya Dunia ilitoa fedha za kuanzia kupima kama panya hao wanaweza kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Hospitali na zahanati hutoa sampuli. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20, na wamegundua wagonjwa waliokoswa na darubini, ingawa maabara lazima ithibitishe.

Mwekezaji azingatie: fedha za kuanzia hununua jibu. Likiwa baya, hasara ni ndogo. Likiwa zuri, mtaji mkubwa hutafutwa.